Anayeona ndiye anaamua: somo la mpira wa Kiamerika kwa sisi watu wa shimo

Leo sianzi na bei ya kasiterite. Naanza na balo.

Jumapili moja tulikuwa tumekaa hapa Kindu, komini ya Kasuku, fasi wanachajisha simu. Tulikuwa watu sita, wawili wametoka Kailo asubuhi ile ile na mizigo yao. Mtoto wa dada yangu, anayeishi Marekani na wazazi wake, akanitumia video kwa WhatsApp. Shule yake inacheza mpira wa kule, ile ya kuvaa kofia ngumu kama tunavyopaswa kuvaa sisi chini ya udongo. Tukaangalia. Watu wamejipanga, balo ikatoka, miili ikagongana kama mabehewa ya treni. Kijana mmoja mnene akaingia katikati, watatu wakamwangukia. Tukapiga kelele: "Bamemukamata!" Kumbe hakuwa na kitu mkononi. Kando kabisa ya tereni, kijana mwembamba alikuwa anakimbia peke yake na balo, hakuna wa kumfuata.

Tukarudia video mara nne. Mmoja wa Kailo akasema: "Hii ni dawa." Nikamwandikia mtoto: balo ilipita wapi? Akajibu kwa sauti: "Mujomba, si dawa. Banaita opsioni. Mwenye balo anaangalia adui mmoja tu. Adui akikuja huku, balo inaenda kule."

Wenzangu walicheka, wakarudi kwenye habari za AS Maniema Union. Mimi lile neno lilinibaki kichwani: anaangalia adui mmoja tu. Nimekuwa kwenye sendika miaka mingi, na kitu tunachogombania kila siku ni hicho hicho: nani anaamua, yule aliye juu au yule anayeona? Ndiyo sababu nikatafuta kuujua mchezo huu vizuri. Nawaletea niliyopata.

Mchezo wenyewe kwa maneno machache

Kila upande uko na watu 11. Tereni ina urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, ni kama metre 91. Timu yenye balo inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani metre 9 na kidogo. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, balo inaenda kwa adui. Kuna njia mbili za kusogea: kutupa balo hewani, au kuibeba na kukimbia. Sisi leo tunaongea hiyo ya kukimbia.

Kabla ya kila jaribio, kocha anachagua mpango na kuutuma ndani ya tereni kwa neno au kwa ishara ya mikono. Anayeupokea ni kiongozi wa uwanja, wanamwita kwotabeki. Mimi nitamwita mgawaji, kwa sababu kazi yake ni kugawa. Mbele yake wanasimama watu watano wakubwa wa kufungua njia kwa vifua vyao. Nyuma yake wanakaa wakimbiaji.

Kwa mpango wa kawaida, kocha ameshaamua kila kitu. Amesema: fulani atabeba, apite kulia. Mgawaji anampa balo, kazi yake imekwisha, anabaki kuangalia. Hapo hesabu inakuwa mbaya. Adui wako 11 na wote wanaweza kukamata. Wewe uko na 11, lakini mmoja anabeba na mgawaji hafanyi tena kitu. Wanabaki 9 wa kuzuia watu 11. Kila mara kuna adui amebaki bila mtu wa kumzuia, na ni yeye anayekuja kumwangusha mbebaji.

Adui mmoja anaachwa kwa makusudi

Opsioni inageuza hesabu hiyo. Kocha anasema: yule adui wa pembeni, mkubwa na mkali, tusimzuie. Mwacheni aje. Ila mgawaji asitoe macho kwake.

Mgawaji anashika balo na kuisukuma kwenye tumbo la mkimbiaji wa kati, yule mnene anayeingia katikati. Kwa muda wa kupepesa jicho wote wawili wameishika. Adui wa pembeni akibaki nje, mgawaji anaachilia, mnene anakwenda nayo. Adui akiingia ndani kumkamata mnene, mgawaji anaivuta balo na kukimbia nayo kuelekea kando. Huko anakutana na adui wa pili, ambaye naye ameachwa kwa makusudi. Huyo akimrukia mgawaji, balo inatupwa kwa mkimbiaji wa tatu, anayekimbia sambamba naye, hatua chache pembeni. Akimfuata yule wa tatu, mgawaji anabaki nayo. Mpango ni mmoja, milango ni mitatu, na adui mwenyewe ndiye anaonyesha mlango ulio wazi.

Angalieni faida yake. Adui wawili hawakuguswa na mtu, lakini wametolewa nje ya mchezo kwa macho tu. Watu waliopaswa kuwazuia wamekuwa huru kwenda kusaidia wenzao mbele. Tena adui hawezi kukimbia kwa nguvu zake zote, kwa sababu kila mmoja amepewa mtu wake: wewe shika mnene, wewe shika mgawaji, wewe shika wa tatu. Mmoja akiacha mtu wake kwenda kusaidia jirani, mlango unafunguka. Watu wenye nguvu wanaanza kusitasita, na mtu anayesitasita hana nguvu.

Je, kocha anabaki na kazi gani? Anabaki nayo kubwa. Hachagui tena nani abebe. Anachagua adui gani asomwe. Anakaa pembeni, anaangalia nani amemfuata nani. Akiona adui wote wanamkimbilia mnene, jaribio linalofuata anaita mpango uleule kwa upande wa pili, au anabadilisha mtu wa kusomwa. Na adui wakishazoea kukimbilia mbele, anaita balo itupwe juu ya vichwa vyao. Anaita mara chache, lakini kila wito uko na macho ndani yake.

Walichopata kwa miguu

Mchezo huu umekaa sana kwenye timu za universite za Marekani. Mwaka wa 1968 universite ya Texas, chini ya kocha Darrell Royal, ilianza kupanga wakimbiaji watatu nyuma ya mgawaji, mpango ulioletwa na msaidizi wake Emory Bellard. Mechi ya kwanza walitoka sare, ya pili walipigwa. Kisha wakashinda mechi 30 mfululizo. Oklahoma nao wakauchukua mpango huo. Mwaka wa 1971 walikuwa wanasogea kwa kukimbia tu wastani wa yadi 472 kwa mechi moja, ni karibu metre 432.

Mwaka wa 1995 ilikuwa zamu ya Nebraska, mgawaji wao akiitwa Tommie Frazier. Walishinda mechi zote 12. Tarehe 2 Januari 1996, katika mechi ya mwisho, waliipiga Florida 62 kwa 24. Siku hiyo walikimbia yadi 524. Frazier peke yake alifanya 199, na mara moja alibaki na balo mwenyewe, akavunja mikono ya watu wengi, akaenda yadi 75 mpaka mwisho.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa shule za jeshi: Army, Navy na Air Force. Vijana wao wanapaswa kutumikia jeshi baada ya masomo, kwa hiyo hawapati wale majitu wanaokwenda kutafuta pesa kwenye mpira wa kulipwa. Kwa miaka mingi wameshikilia opsioni, kwa sababu ndiyo njia ya mtu mdogo kusimama mbele ya mtu mkubwa. Desemba 2004, Navy walicheza na New Mexico. Walichukua balo karibu kabisa na goli lao wenyewe, wakasogea kidogo kidogo, majaribio 26 bila kuipoteza. Safari hiyo moja ilichukua dakika 14 na sekunde 26. Kipindi kimoja kiko na dakika 15! Mwishoni walipata pointi 3 tu, lakini adui walikuwa wamekaa bila balo mpaka wakachoka, na Navy wakashinda 34 kwa 19.

Na mtoto wa Kinshasa?

Mtaniuliza: sisi Wakongo tuko wapi ndani ya habari hii? Tuko. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974. Wazazi walimpeleka Kanada akiwa mtoto mdogo, akakulia upande wa Montréal, ambako wanaongea Kifaransa kama sisi. Huko akajifunza mpira huu, mpaka universite ya Michigan ikamchukua kuwa mkimbiaji.

Tarehe 25 Novemba 1995, Michigan walicheza na jirani zao Ohio State, ambao mwaka ule hawakuwa wamepigwa na mtu. Biakabutuka alibeba balo mara 37, akakimbia yadi 313, ni kama metre 286. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Mwaka ule wote alifanya yadi 1,818, rekodi ya shule yake. Mwaka uliofuata timu ya kulipwa ya Carolina Panthers ilimchagua, wa nane katika nchi nzima.

Sasa fikirini. Ni mwaka mmoja, 1995, na timu mbili kubwa katika kukimbia. Michigan hawakujengwa juu ya opsioni. Kule kocha alisema nani abebe, na siku ile jina lilikuwa la Tshimanga, mara 37. Nebraska waligawa: leo mnene, kesho mgawaji, kesho kutwa yule wa tatu. Njia zote mbili zilileta ushindi, siwezi kusema uongo. Lakini njia ya kwanza inaweka uzito wote juu ya mgongo mmoja. Biakabutuka, katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, aliumia goti. Mwaka wa 2001 aliumia mguu, na mpira ukaishia hapo. Sisemi Michigan ndiyo walimuumiza. Nasema kwamba kila mchimbaji anamjua mtu wa namna hiyo: yule mwenye nguvu kuliko wote, anayeingizwa shimoni kila mara kwa sababu "yeye anaweza".

Ubaya wake pia tuuseme

Opsioni si dawa, mtoto alisema kweli. Ile balo inayotupwa pembeni ikianguka, adui anaweza kuichukua. Mgawaji anapigwa sana, hata akishaachilia. Ukiwa nyuma kwa pointi nyingi na saa inakwisha, kukimbia metre nne nne hakutakuokoa. Na adui mwenye nafasi ndefu ya kujitayarisha anaweza kujifunza kila mtu kushika mtu wake.

Tena kuna kosa moja ambalo makocha wanaliogopa kuliko mengine: mgawaji anayekawia. Ameona, lakini hajaamini macho yake. Anangoja kidogo ahakikishe. Huo muda mdogo unatosha: adui ameshafika, na mlango ulioachwa wazi umefungwa.

Na msifikiri opsioni ni kila mtu afanye anavyotaka. Ni kinyume chake. Wanarudia hatua zilezile mara mamia, mpaka mguu unajua kabla ya kichwa. Yule mnene anaingia katikati mikono imefungwa kana kwamba ameshika balo, na anapigwa kweli, hata pale balo haiko kwake. Akikataa kuingia kwa sababu "leo sipewi", uongo wote unaonekana na mwenzake wa pembeni anakamatwa. Uhuru wa mmoja kuamua unasimama juu ya nidhamu ya kumi wengine.

Sasa tushuke shimoni

Kabla sijawa mtu wa karatasi na mikutano, nilichimba. Sitataja fasi wala mwenye shimo. Ilikuwa msimu wa mvua. Tulikuwa wanne chini, na PDG wetu juu na daftari lake. Mwenzetu aliyekuwa mbele kabisa akaona udongo unadondoka kama unga kwenye ukuta wa kushoto. Akapiga kelele kwamba tutoke. Swali likapanda kwa kamba mpaka juu. Jibu likashuka: mumalize kwanza mifuko miwili iliyobaki.

Aliyejibu hakuwa anauona ukuta. Aliyeuona hakuwa na ruhusa ya kuamua. Tulikawia. Watatu tulitoka. Wa nne, yule aliyeona, tulimtoa kesho yake.

Ndugu zangu, mkiangalia vizuri, hilo ndilo kosa ambalo mpira ule ulitengenezwa kuliondoa. Kocha wa Marekani, mwenye mshahara kupita mawaziri, anakubali kwamba kuna kitu hawezi kukiona kutoka pembeni. Anamwachia kijana wa miaka 20, kwa sababu kijana ndiye yuko mbele ya adui. Hapoteza ukubwa wake. Amemfundisha aangalie nini, kisha amemwamini.

Na sheria ya dunia inasema vilevile. Shirika la Kimataifa la Kazi, kule Geneva, mwaka huohuo wa 1995 lilipitisha mkataba namba 176 juu ya usalama wa migodi. Ndani yake kuna haki ya mchimbaji kuondoka mahali popote mgodini pale anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa kwa usalama au afya yake. Mkataba unasema mchimbaji ndiye anaondoka. Hausemi aombe ruhusa kwa kamba.

Katika mikutano yetu napendekeza tufanye kama wao. Kabla ya kushuka, ekipe ikubaliane alama za kuangalia: unga unaodondoka, mti wa kushikilia ukuta unaolia, maji mapya, hewa nzito, moto wa taa kulegea. Ikubaliane milango mitatu: kuendelea, kusimama na kuweka miti, au kutoka. Aliye mbele anaita neno moja, na wote wanatii bila kuuliza. Ugomvi tutaufanya juu, tukiwa hai. Akikosea, tumepoteza mfuko. Asipoita, tunapoteza baba wa watoto.

Na sisi wengine tukubali kuwa yule mnene. Ikiwa mmoja ameita kutoka na mwenye shimo anataka kumfukuza, wote tuingie katikati pamoja naye, hata kama balo si yetu siku hiyo.

Neno la mke wangu

Nilipomsomea mke wangu haya, akauliza swali moja: "Na ule mwenye kupigwa bila balo, banamulipa?"

Swali zuri. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hapana. Wachezaji wa universite walipewa masomo, universite na televisheni zikapata pesa. Januari 2014, wachezaji wa universite ya Northwestern, karibu na Chicago, waliomba kuunda sendika. Walidai pia matibabu kwa waliogongwa kichwa. Kiongozi wao alikuwa Kain Colter, mgawaji aliyejulikana kwa kukimbia na balo. Machi 2014, ofisi ya serikali ya mambo ya kazi kule Chicago iliwapa haki. Aprili wakapiga kura. Agosti 2015 wakubwa wa ofisi hiyo wakakataa kuliamua shauri, na zile kura hazikuhesabiwa kamwe. Walishindwa, mtasema. Lakini tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, na tangu Julai 2025 universite zinaruhusiwa kuwagawia moja kwa moja sehemu ya mapato.

Kwa hiyo yule aliyezoea kusoma adui uwanjani ndiye alianza kusoma adui ofisini. Aliingia katikati, akapigwa, na balo ikaenda kwa wengine waliokuja nyuma yake. Nilimjibu mke wangu hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi wewe uko ule munene."

Mtoto wa dada yangu nimemwandikia kwamba tumeelewa, si dawa. Nimemwambia atume video nyingine, ila ndefu kidogo. Wale wa Kailo wanarudi mwisho wa mwezi, nataka niwaonyeshe pale pale mahali macho ya mgawaji yanapogeuka.